Waridi Lililopandwa Kama Muhogo

Jumatatu, tarehe 5 Novemba 1951. Wingu zito lilikuwa limelala upande wa Kigwa tangu alfajiri, na upepo ulileta harufu ya udongo ulionyeshewa mahali pengine, lakini Kiloleni, ukingoni mwa mji wa Tabora, hapakuwa pameanguka hata tone moja. Masolwa mwana wa Ngollo alisimama mlangoni pake, akalitazama wingu, kisha akalitazama paa lake la nyasi.

"Kesho tu, Mama Bernadeta," alisema. "Kesho napanda juu naliziba lile tundu."

Mkewe Koleta alikuwa ndani akifunga mzigo wake wa safari. Binti yao Bernadeta, aliyeolewa Puge, huko Nzega, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na lori la pamba lingeondoka sokoni saa tatu.

"Tundu lipi, Baba Bernadeta?" aliuliza bila kuinua uso. "La mwaka huu, au lile la mwaka wa nzige?"

Masolwa akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na watu walimpenda kwa hilo. Alikuwa mnyapara wa genge la reli, mtu wa mikono mikubwa na moyo laini. Katika miaka ishirini na miwili ya kuishi na Koleta hakuwahi kumwinulia mkono, wala hakuwahi kula nyama akamwachia mchuzi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Aliahidi kama mtu anavyopiga chafya: hakuweza kujizuia, na akishamaliza alijisikia nafuu. Alikuwa ameahidi bati, ameahidi cherehani, ameahidi safari ya treni mpaka Mwanza wakaone ziwa. Kila ahadi aliitoa kwa moyo mweupe, na kila moja ililala pale pale ilipozaliwa.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mawaridi.

Koleta alikuwa yatima aliyelelewa na masista wa misheni, na kazi yake ya utotoni ilikuwa kumwagilia mawaridi yaliyopandwa mlangoni mwa kanisa lao. Hapo ndipo Masolwa alipomwona, mwaka wa 1929, akiwa kijana mgeni aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Alimwambia, "Nikikuoa, nitakupandia maua haya haya mlangoni. Ukifungua mlango asubuhi, yakusalimu wewe kwanza." Msichana alicheka, akamwamini. Masolwa hakuwa amebatizwa, kwa hiyo walioana kimila, kwa ng'ombe na majembe, ndoa ambayo Kanisa halikuitambua. Tangu siku ile Koleta alikaa benchi la nyuma kanisani. Wenzake walipoinuka kwenda kupokea Komunyo, yeye alibaki amepiga magoti, kichwa ameinamisha, akisubiri warudi.

Ndiyo maana jana jioni Masolwa alikuwa amerudi nyumbani karibu akikimbia. Miaka mitatu alikuwa amesoma darasa la jioni la Mwalimu Tobias, katekista, kwa taa ya chemli, kwanza herufi, kisha sala, kisha katekisimu yote, akikaa na watu wa umri wa watoto wake na kidole chake kinene kikifuata mstari. Sasa Padre alikuwa amemkubali. Angebatizwa Jumamosi Kuu, aitwe Kornel, na baada ya Pasaka ndoa yao ingebarikiwa. Alikuwa ametegemea vigelegele. Koleta alisema tu, "Mungu ashukuriwe," akaendelea kupepeta mtama.

Sasa aliufunga mzigo, akaketi juu yake, akamwonyesha mumewe kigoda.

"Kaa. Usiku sikulala, nilikuwa nafikiri. Padre atakuuliza maneno mazito. Unamkataa Shetani? Utasema, namkataa. Utakaa na Koleta kwa raha na kwa taabu? Utasema, nitakaa naye. Nami naujua ulimi wako ulivyo mwepesi."

"Mama Bernadeta, hilo ni jambo la Mungu. Hilo si paa."

"Ndilo ninalosema. Ukiniongopea mimi, nalala chini ya tundu, naamka, yamekwisha. Benchi la nyuma nimelizoea. Lakini sitasimama mbele ya altare nikusikie unamwahidi Mungu kama unavyoniahidi mimi bati." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Masolwa. "Nionyeshe moja. Katika zote ulizoniahidi, chagua moja tu uitimize. Nikirudi nikaiona, nitasimama nawe. Nisipoiona, batizwa peke yako, nami nitakushangilia kutoka kwenye benchi langu."

Masolwa alimbebea mzigo mpaka sokoni. Lori lilipoondoka alibaki amesimama katika vumbi lake, akamkumbuka babu yake, aliyekuwa mpagazi zamani za misafara, aliyetembea na pembe za ndovu kichwani kutoka Ujiji mpaka pwani mara nne. Mzee yule alikuwa akisema: mpagazi hahesabiwi mzigo aliotwishwa, huhesabiwa mzigo aliotua.

"Mawaridi," Masolwa alijisemea, akageuka kuelekea Gongoni.

Huko Gongoni aliishi Mabruki, Mzaramo aliyefika Tabora kijana, akatunza bustani za Wazungu wa bomani mpaka mvi zikamtoka. Nyuma ya nyumba yake madebe ya mafuta ya taa yalipangwa safu kwa safu, kila moja na mche wake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na Mabruki aliuchukua utani kama wengine wanavyouchukua uganga, kwa bidii na bila siku ya kupumzika.

"Hodi, Mzaramo."

"Nani huyo ananuka asali na uvivu? Pita, Mnyamwezi. Mkeo hajambo?"

"Kaenda Puge kwa mtoto."

"Hatimaye kapata akili. Akirudi, mwambie nyumba yangu ina bati."

Masolwa alicheka, akaweka chini kibuyu cha asali alichopitia kwa ndugu yake njiani, akasema anataka mawaridi. Mabruki alichovya kidole katika asali, akakilamba, akasema nyuki wa asali hii walikufa kwa huzuni, kisha akapita katikati ya madebe yake taratibu, akiyagusa majani kama mtu anayewapapasa watoto vichwa. Alirudi amekumbatia debe lenye mwaridi wa kimo cha kiuno, matawi matano mazito, miiba mieusi.

"Huu ni mwekundu. Sasa sikiliza, na usisikilize kwa masikio yale mnayosikilizia ngoma. Chimba shimo, pasua debe, uweke mti na udongo wake wote. Usiukate hata tawi moja. Mimi mwenyewe nitakuja kuukata, wakati wake ukifika, kwa mkono wangu. Na nikija, chai iwepo."

"Na andazi?"

"Na maandazi mawili."

Masolwa aliubeba mti kichwani akirudi Kiloleni, na njia nzima aliyapima maneno yale. Mwaka jana tu Mabruki alikuwa amemwambia, na uso umekauka kama wa kadhi, kwamba nyuki wa Unyamwezi wanachukia harufu ya sabuni. Masolwa alikaa siku nne bila kuoga kabla ya kwenda kurina, akaumwa na nyuki mwili mzima, na Mabruki akaisimulia habari hiyo katika kila kibaraza cha mji. Sasa anasema usiukate mpaka nije ninywe chai. Masolwa akatabasamu. Mtani anatafuta maandazi, alifikiri. Ukiambiwa na mtani usikate, kata.

Tena, mama yake alikuwa amemfundisha kupanda. Kitu chenye shina la mti na macho kwenye shina hupandwa kwa kijiti. Ndivyo muhogo unavyopandwa. Shina moja unalikata vipande kumi, unapata mihogo kumi. Mzizi si wa kupandwa, mzizi ni wa kuliwa, na huu hauliki. Na Koleta alikuwa ameahidiwa mawaridi, si mwaridi mmoja. Masolwa aliiona tayari safu nzima nyekundu kutoka mlangoni hadi njiani, na Koleta amesimama kizingitini, mkono mdomoni.

Akainua tuta zuri mbele ya mlango, kama matuta anayoinua kila mkulima wa kwao. Akachukua panga, akaukata mwaridi vipande kumi na viwili vya urefu wa shubiri. Kumi na moja alivilaza tutani vikiwa vimeinama kidogo, macho yakitazama juu. Cha kumi na mbili kilikuwa chembamba mno, akakichomeka tu nyuma ya jiko, kando ya jalala, mahali Koleta alipozoea kumwaga maji ya vyombo. Mzizi akautupa jalalani. Akapiga ishara ya msalaba kama alivyofundishwa, akasema, "Bwana, mimi nimepanda, sasa ni zamu yako." Jioni ile mvua ikanyesha, akaona amejibiwa.

Puge, mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Koleta alituma salamu kwamba mjukuu ni mdogo kama mhindi uliomenywa, anapumua, mwombeeni, na kwamba yeye hatarudi mpaka mtoto anenepe. Masolwa aliomba kila siku kwa ajili ya mtoto, na mwisho wa sala alikitaja kila kijiti kwa namba. Noeli ikapita. Kijiti cha kwanza kilioza. Cha pili na cha tatu vilitoa vijani vidogo vyekundu, Masolwa akafurahi siku tano, kisha vijani vikanyauka. Januari ilipoanza mchwa waliingia tutani kutoka chini, na alipokigusa cha saba kikavunjika mkononi, ndani kimejaa udongo.

Alikuwa amepiga magoti pale, akimwaga majivu kuzunguka vilivyobaki, Mabruki alipotokea anasukuma baiskeli yake.

"Mnyamwezi, nimefuata chai. Mwaridi uko wapi?"

Masolwa alilionyesha tuta kwa kidole.

Mabruki aliilaza baiskeli chini. Akaliangalia tuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Masolwa alisubiri kicheko, alikuwa tayari kukipokea, lakini kicheko hakikuja. Mzee yule aliketi chini kwenye udongo wenye unyevu, na kanzu yake nyeupe.

"Umeukata."

"Nimeukata."

"Nilikwambia usiukate."

"Uliniambia pia kwamba nyuki wanachukia sabuni."

"Hilo kweli," Mabruki alisema. "Nilikwambia." Akaokota kijiti kimoja, akakivunja, akakiangalia ndani. "Mti ule niliulea miaka minne, mtani. Nilikupa mzuri kwa sababu nilijua ni wa mkeo. Lakini mtu akitania miaka ishirini, siku akisema kweli anampata wapi wa kumsadiki?"

Maneno yale yalimwingia Masolwa mahali ambapo katekisimu haikuwa bado imefika. Aliona jinsi alivyombeba Mabruki moyoni: mtu mwema ambaye maneno yake hayana uzito. Akaelewa kwamba kwa muda wa miaka ishirini na miwili, Koleta amembeba yeye vivyo hivyo. Hakumchukia. Alikuwa ameacha tu kumsikia.

Masolwa alisimama, akapika chai, akaipeleka kwa mikono miwili. Waliinywa. Mabruki alipoenda nyuma ya jiko kuosha mikono, alikaa huko muda mrefu, kisha akaita.

"Masolwa. Njoo uone hiki."

Kijiti cha kumi na mbili kilikuwa kimesimama kati ya magamba ya samaki na maganda ya viazi. Juu yake kulikuwa na chipukizi la urefu wa ukucha.

"Hiki kina uhai," Mabruki alisema. "Udongo wa hapa una majivu ya jiko, mchwa hawaupendi. Usikihamishe. Kitengenezee kivuli cha nyasi. Maji kidogo, kila jioni, chini kwenye mguu, si juu ya jani. Kila jioni, mtani. Si jioni tatu kwa mpigo." Akasita. "Na hilo silo la utani."

"Nimesikia."

Mwanzoni mvua ilimsaidia Masolwa. Lakini Februari ilikauka. Jua lilitoka siku kumi na saba mfululizo, maji ya mtungini hayakutosha, na Masolwa, akitoka kazini na vumbi la reli miguuni, alichukua ndoo akaenda kisimani. Huko walipanga foleni wanawake peke yao. Josepha, jirani yao, mjane mwenye ulimi kama wembe, alimwona wa kwanza.

"Jamani, pisheni, bibi harusi mpya kaja. Shikamoo, mwali."

"Marahaba, mwanangu," Masolwa alijibu, na kisima kizima kikaangua kicheko.

"Na hayo maji ni ya nini, Baba Bernadeta? Umeanza kuoga?"

"Ni ya kijiti."

"Kijiti kinazaa nini?"

"Bado hakijaniambia."

Siku ya pili walicheka tena. Siku ya nne walicheka kidogo. Wiki ya pili Josepha alisogea tu, akamwachia nafasi. Zipo jioni alizorudi amechoka sana, akaketi kwenye kigoda, akasema moyoni, kesho nitamwagilia mara mbili. Kisha alilisikia neno lile, kesho, akalitambua kama mtu anavyomtambua mwizi kwa kikohozi chake, akainuka. Sala yake nayo ilikuwa imepungua maneno. Hakumwambia Mungu tena kuhusu safu nyekundu mpaka njiani. Alipiga magoti karibu na jalala, akamwaga maji, akasema, "Bwana, nimekuja." Basi.

Mwanzoni mwa Machi barua ilifika, imeandikwa na mkwe wake kwa maneno ya Koleta. Masolwa aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Mtoto amenenepa, ana mashavu. Nitafika Jumamosi tarehe 15. Mwambie Mwalimu Tobias aje Jumapili, nitampa jibu langu mbele yake.

Kijiti kilikuwa na majani kumi na moja. Hakikuwa na ua, wala dalili ya ua.

Ijumaa Mabruki alimwita Gongoni. Katikati ya uwanja wake palikuwa na debe, na ndani yake mwaridi mwekundu wenye maua saba yaliyofunguka na mengine yanakuja.

"Chukua," Mabruki alisema. "Sitaki asali. Upande mlangoni leo, mwagia maji, fagia pembeni. Kesho mkeo akishuka kwenye lori akute mawaridi yake. Udongo hauna mdomo."

"Na mimi?"

"Wewe unao, lakini unajua kuutumia. Au nimekosea?"

Masolwa aliubeba. Mjini watu walimpisha wakitabasamu, na mwanamke mmoja alimwomba ua, akakataa. Alifika nyumbani, akachukua jembe, akachimba shimo mbele ya mlango, pale pale tuta lilipokuwa. Shimo lilikuwa zuri. Akauinua mti auweke, na harufu yake ikamfunika uso. Alimwona Koleta kizingitini, mkono mdomoni, kama alivyomwona zamani zote. Jambo lenyewe lilikuwa dogo sana. Neno moja tu, na Koleta angesimama naye, angeondoka benchi la nyuma, angepokea. Je, Mungu angekasirika kwa ajili ya neno moja linalomrudishia Koleta Komunyo?

Alisimama na debe kifuani mpaka mikono ikamuuma. Kisha akaliweka chini, kando ya shimo, akaenda kumwagilia kijiti chake, kwa kuwa ilikuwa jioni.

Koleta alifika kesho yake mchana, amepungua mwili, kanga yake imejaa vumbi la Nzega. Masolwa alimpokea mzigo. Walipokaribia nyumba alilegeza mwendo, akayaona maua saba, na mkono wake ukapanda taratibu mpaka mdomoni, kama vile Masolwa alivyouona mara nyingi katika mawazo yake.

"Huo ni wa Mabruki," Masolwa alisema haraka, kabla moyo haujageuka. "Amenipa nikudanganye. Nilichimba na shimo. Wangu uko huku nyuma."

Alimwongoza nyuma ya jiko, akamwonyesha. Koleta aliinama. Aliutazama uzio mdogo wa miiba, kivuli cha nyasi, majivu, udongo wenye unyevu ulioshindiliwa na magoti ya mtu.

"Mzizi wake uko wapi?"

"Niliutupa. Nilikata vijiti, nikavipanda tutani. Kama muhogo."

"Kama muhogo," Koleta alirudia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaketi chini, mpaka kanga ya kichwani ikamdondoka, mpaka Masolwa naye akacheka bila kutaka. Kisha akajifuta machozi, akageuka.

"Uliniahidi mawaridi mlangoni. Hiki ni kijiti jalalani."

"Ni kijiti."

"Basi hujatimiza."

"Sijatimiza."

"Na tundu la paa?"

"Lipo."

Koleta alimtazama, akasubiri. Alikuwa anajua kinachofuata, alikuwa amekisikia maelfu ya mara: kesho tu, Mama Bernadeta. Alisubiri kama mtu aliyeona umeme anavyosubiri ngurumo. Masolwa alikuwa ameshika kopo la maji. Aliinama, akalimwaga pole pole chini kwenye mguu wa kijiti, akahakikisha jani halilowi, akasimama. Neno halikuja.

Usiku ule Koleta hakusema lolote juu ya jibu lake. Masolwa hakuuliza.

Jumapili baada ya Misa Mwalimu Tobias, katekista, alikuja na daftari lake la matangazo ya ndoa, akakaa kwenye kigoda uani, miwani imefungwa kwa uzi. Walihitajika mashahidi wawili. Josepha alikuja amejifunga kanga mpya. Mabruki alikuja bila kualikwa, akasema mtani haalikwi, tena yeye amefuata debe lake. Kisha akaliona debe kando ya shimo tupu, akamtazama Masolwa, akavua kofia yake, akakaa.

"Koleta," Mwalimu Tobias alisema, "Padre anataka kuijua hiari yako mwenyewe. Nikiandika jina lako hapa, litatangazwa Jumapili tatu. Unakubali kusimama na huyu?"

Koleta alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, na mikono yake aliikunja mbele kama masista walivyomfundisha.

"Mwalimu, nilimpa huyu mtu mtihani, na ameshindwa. Mlango wangu hauna ua." Masolwa aliinamisha kichwa. "Miaka ishirini na miwili nimesubiri atimize. Jana nilisubiri aahidi. Nilisimama pale nyuma ya jiko nikasubiri aniambie kesho, kama ninavyomjua. Hakusema. Alimwagilia maji." Akamwonyesha Josepha kwa mkono. "Leo asubuhi Josepha amenisimulia ya kisimani. Mwalimu, mume wa zamani sikutaka kusimama naye. Huyu namtaka. Andika jina langu."

Josepha alianza kigelegele, akakikatiza katikati, kwa sababu katekista alikuwa ameinua kalamu.

"Na wewe, Masolwa? Umesikia. Mbele ya hawa mashahidi, unamwahidi nini mwenzako?"

Masolwa alisimama na mikono yake mikubwa imening'inia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliogopa kuahidi. Yalimjia mengi: bati, cherehani, ziwa, safu nyekundu mpaka njiani. Aliyaacha yapite kama wapagazi wanavyopita na mizigo ya watu wengine. Akamtazama Koleta.

"Mimi Masolwa, mwana wa Ngollo," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "naahidi mbele yenu nyote na mbele ya Mungu. Leo jioni nitakimwagilia. Na kesho jioni, Mama Bernadeta, uniulize tena."